Madeni Sita na Nyumba Moja: Kisa cha Baba na Mama Furaha

Baba Furaha na Mama Furaha si majina yao. Mji nimeuacha, kazi zao nimezitaja juu juu tu, na hospitali na kampuni zilizohusika hazina majina humu. Viwango vya fedha na mfuatano wa mambo nimeviacha vilivyokuwa, pamoja na makosa, na moja kubwa ni langu mwenyewe. Nafanya kazi ya ushauri wa nyumba Texas, na wengi wanaokuja kwangu ni watu wa Kiswahili: Wakongo, Warundi, Wakenya wachache, Watanzania wenzangu. Kisa hiki nimeombwa kukisimulia mara nyingi kiasi kwamba nimeona bora nikiandike.

Walikotoka

Baba Furaha ni mtu wa Fizi, Kivu Kusini, lakini ujana wake wote ameumalizia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Aliingia Texas mwaka 2017 na mkewe na watoto wanne. Wa tano alizaliwa hapa mwaka 2020. Kazi ya kwanza aliipata kupitia wakala wa vibarua, zamu ya usiku kiwandani, bila bima. Mama Furaha anasafisha vyumba hotelini.

Bima ya serikali, Medicaid, waliipata mwanzoni kama wakimbizi wengine. Walipoanza kulipwa mshahara, watoto wakabaki nayo na wazazi wakatolewa. Texas haijapanua Medicaid kwa watu wazima, na kipato ambacho mzazi hatakiwi kukivuka ni kidogo mno, hata mshahara wa kibarua unakivuka. Hakuna aliyewaeleza hilo kwa lugha wanayoielewa. Kadi ilikuwa bado pochini, nao waliamini bado inafanya kazi.

Katika mambo mengine walikuwa watu wa kupigiwa mfano. Deni la ndege, ule mkopo usio na riba wa nauli ya kuja Marekani, walilimaliza bila kuruka hata mwezi mmoja. Kodi ya nyumba hawakuwahi kuchelewesha. Kila karatasi iliyoingia kwa posta Baba Furaha aliitia kwenye mfuko wa rambo, ukaning'inizwa nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Bahasha nyingi zilikuwa hazijafunguliwa. Lakini zilikuwepo, na utaona baadaye kwamba mfuko ule ulitusaidia kuliko akiba yao.

Oktoba 2023

Walikuwa wameweka dola 11,400. Mwenye nyumba alikuwa amepandisha kodi kwa mwaka wa tatu mfululizo, nao wakaamua kununua. Walikwenda kwa mkopeshaji mmoja, afisa akavuta ripoti zao za mikopo, akawaonyesha ukurasa wenye mistari myekundu, akasema: malizeni haya kwanza, kisha mrudi.

Nieleze kidogo kwa aliye nje ya Marekani. Kuna ofisi tatu zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu: Equifax, Experian na TransUnion. Mkenya azifikirie kama CRB, ila huku bili ya usiku mmoja wa emajensi, ambayo hukuiomba kama mkopo na bei yake hukuijua hadi ilipokufikia kwa posta, inaweza kukuingiza kwenye orodha ikipelekwa kwa wakusanya madeni. Kila ofisi inakupa alama yake. Mkopeshaji wa nyumba huchukua ile ya katikati. Alama za Baba Furaha zilikuwa 574, 588 na 603, kwa hiyo alihesabiwa 588. Ya katikati ya Mama Furaha ilikuwa 561.

Mkopo waliokuwa wakiutazamia ni wa FHA, ule unaodhaminiwa na serikali kuu. Masharti yake yanaruhusu alama 580 kwa kianzio (fedha unazotanguliza mwenyewe) cha asilimia 3.5, kati ya 500 na 579 kianzio kinapanda hadi asilimia 10. Mume na mke wakiomba pamoja, alama inayotumika ni ya yule wa chini. Yaani 561. Juu ya hayo, mkopeshaji huyu, kama wengi, alikuwa na sharti lake mwenyewe la 620.

Baba Furaha alirudi nyumbani akiwa amefedheheka. Sisi tumelelewa kwamba dawa ya deni ni kulipa, na yeye zaidi. Jioni ileile alichukua barua iliyokuwa juu kabisa kwenye mfuko, akamwita binti yake wa miaka 14 amtafsirie, akaipigia simu kampuni ya kukusanya madeni. Akaahidi dola 200 kila mwezi na kuwapa namba ya kadi yake ya benki. Makato ya kwanza yalipita salama. Ya pili yaliangukia siku moja na hundi ya kodi ya nyumba, akaunti ikaenda hasi, benki ikamtoza faini. Ndipo wakaja kwangu.

"Dada," aliniambia, "mwanaume hakimbii deni." Nikamwuliza deni lenyewe ni la nini. Akamtazama mkewe. Hakuna aliyekuwa na uhakika.

Tulichokikuta kwenye ripoti

Jambo la kwanza lilikuwa kuisimamisha kampuni ile isiendelee kukata kadi, kwa barua na kwa benki. La pili, kuvuta ripoti zote tatu za kila mmoja. Ni bure, kila wiki ukitaka, kupitia annualcreditreport.com. Mama Furaha alizipata siku hiyohiyo. Baba Furaha mfumo ulimkataa: ulimwuliza maswali ya kuthibitisha kwamba yeye ni yeye, likiwemo la mtaa ambao hajawahi kuukanyaga. Tukajaza fomu tukaituma kwa posta. Tulipoteza zaidi ya wiki mbili, lakini swali lile la mtaa lilikuwa limekwisha kunishtua. Mtu akiulizwa habari za maisha yasiyo yake, kuna uwezekano faili lake limechanganywa na la mtu mwingine.

Tulimwaga mfuko wa rambo mezani, tukapanga karatasi kwa tarehe, tukazilinganisha na ripoti. Yalikuwa madeni sita:

Bili ya hospitali ya Machi 2019, mawe ya figo, dola 3,870. Hii ndiyo aliyoanza kuilipa.

Bili ya madaktari wa emajensi ya usiku uleule, dola 412. Huku hospitali na daktari wanaweza kukutoza kila mmoja kivyake.

Ambulensi, dola 1,140, mwaka 2021.

Maabara, dola 640, iliyolipwa mwaka 2021 lakini ofisi moja kati ya tatu bado ikionyesha haijalipwa.

Uzazi wa mtoto wa mwisho, 2020, kwa jina la Mama Furaha, dola 2,215.

Na kadi ya mkopo ya kliniki ya meno, pia ya Mama Furaha, dola 1,930.

Ile ya dola 412 haikuwemo kwenye ripoti yoyote. Tangu Aprili 2023 ofisi hizo tatu haziorodheshi deni la matibabu ambalo kiasi chake cha mwanzo hakikufika dola 500. Mwaka uliotangulia, Julai 2022, ziliacha kuorodhesha madeni ya matibabu yaliyokwisha lipwa, na zikaongeza muda wa kusubiri kabla ya kuorodhesha yasiyolipwa kutoka miezi sita hadi mwaka mzima. Watu wengi hawajui hata moja kati ya haya, na afisa mikopo yule wa kwanza hakuwaambia. Kutokuwemo kwenye ripoti hakumaanishi deni limekufa, lakini. Wakusanya madeni waliendelea kumpigia.

Tuliamua nini, na kwa nini

Nilichora safu tatu nyuma ya kalenda ya kanisa. Ya kwanza: deni hili ni lake kweli? Ya pili: kuna mtu mwingine aliyetakiwa kulilipa au kulisamehe? Ya tatu: mkopeshaji wa nyumba analihesabu? Swali la fedha tuliliacha hadi tumalize hayo matatu.

Maabara ilikuwa rahisi. Stakabadhi ya 2021 ilikuwa mfukoni, tukaituma nakala kwa ofisi husika, mstari ukafutwa. Nalitaja tu kwa sababu bila mfuko ule angelilipa mara ya pili, na alikuwa tayari kufanya hivyo.

Ambulensi ilikuwa ya mtu mwingine. Wakimbizi wengi kwenye hati zao wameandikiwa tarehe ya kuzaliwa 1 Januari, kwa sababu tarehe halisi haikujulikana au karani hakuwa na muda. Majina yetu nayo huandikwa kila ofisi kivyake: la baba linageuka la kati, la kati linageuka la ukoo. Katika jengo walilokuwa wakiishi kulikuwa na mzee mwingine wa Kivu mwenye majina mawili kati ya matatu ya Baba Furaha, na 1 Januari ileile. Tuliandika barua ya kupinga kwa kila ofisi, kwa rejista na kadi ya kuthibitisha kupokelewa, tukaambatanisha nakala za kitambulisho, kadi ya Social Security, mkataba wa pango, na kitu kilichonipa raha: karatasi ya mahudhurio ya kiwandani. Saa ambayo ambulensi ilimbeba mgonjwa, Baba Furaha alikuwa amegonga kadi ya zamu tangu saa nne usiku.

Kwa kawaida sheria inazipa ofisi hizo siku 30 kuchunguza. Mbili zilifuta. Ya tatu ilijibu kwa sentensi moja kwamba deni "limethibitishwa". Hapo wengi hukata tamaa. Sisi tulituma karatasi zilezile kwa kampuni ya kukusanya madeni yenyewe, kisha tukafungua malalamiko CFPB, shirika la serikali kuu linalowalinda wateja wa huduma za fedha. Baada ya hapo na ya tatu ikafuta.

Bili ya uzazi ndiyo iliyonikera kuliko zote. Mama Furaha alikuwa na Medicaid ya wajawazito alipojifungua. Texas huitoa hata kwa mama ambaye kwa hali ya kawaida asingeipata. Hospitali iliandika namba ya kadi yake ya zamani. Madai yakakataliwa, na badala ya kuyasahihisha wakamgeukia mgonjwa. Watoa huduma wa Medicaid Texas wana siku 95 za kupeleka madai. Wakizichelewesha, hasara ni yao, hawaruhusiwi kumdai mgonjwa. Nilipiga simu idara ya bili, nikawapa namba sahihi na tarehe, nikawaomba wanionyeshe madai waliyopeleka. Ilichukua miezi mitatu na simu nisizozihesabu, lakini waliliita deni lirudi kutoka kwa wakusanya madeni na mstari ukaondoka. Hakulipa hata senti.

Mawe ya figo yalihitaji mazungumzo. Hospitali ile imesajiliwa kama taasisi isiyotafuta faida, na kwa sheria ya kodi ya Marekani hospitali za namna hiyo lazima ziwe na utaratibu wa maandishi wa kuwasaidia wasioweza kulipa. Mgonjwa ana siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba msaada huo. Utaratibu wa hospitali hii ulisema kaya yenye kipato chini ya mara mbili ya kiwango cha umaskini husamehewa yote. Mwaka 2019 kiwango hicho kwa kaya ya watu sita kilikuwa dola 34,590 kwa mwaka. Kaya ya Baba Furaha ilikuwa chini ya hata mara moja ya kiwango hicho. Kama angeomba mwaka 2019, bili nzima ingefutwa. Fomu ya maombi tuliikuta kwenye bahasha isiyofunguliwa, kwa Kiingereza na Kihispania.

Siku 240 zilikuwa zimepita zamani. Tuliomba hivyohivyo, tukaambatanisha fomu za kodi ya mapato za 2019 na barua ikieleza kwamba usiku ule hakupewa mkalimani. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu ina wajibu wa kutoa mkalimani bila malipo, na mtoto hatakiwi kufanywa mkalimani isipokuwa pale hatari inapokuwa mlangoni. Jibu la kwanza lilikuwa hapana. Tukaomba msimamizi. Jibu la pili: watapunguza hadi robo, yaani dola 968, na zile 400 zilizokwisha katwa zitahesabiwa. Zikabaki 568.

Je, azilipe? Muda wa kumshtaki kwa deni la namna hii Texas ni miaka minne, nao ulikuwa umekwisha. Kwenye ripoti deni lingebaki hadi 2026, kwa sababu hesabu ya huko ni miaka saba. FHA kwa upande wake hailihesabu deni la matibabu katika mzigo wa madeni ya mwombaji. Kwa hiyo kulikuwa na hoja ya kuliacha. Lakini alama ambazo wakopeshaji wa nyumba walikuwa wakizitumia zilitoka kwenye mifumo ya zamani, na mifumo hiyo inaliona deni la matibabu lililopo kwenye ripoti kama deni lolote. Likilipwa, linaondoka kwenye ripoti zote tatu. Dola 568 kwa mstari mkubwa kama ule ilikuwa bei nzuri. Tulisubiri barua ya makubaliano yenye saini, kisha akalipa hospitali moja kwa moja. Hii iliwezekana kwa sababu hospitali ilikuwa imewakabidhi tu wakusanyaji deni hilo, haikuwauzia.

Kadi ya meno

Hapa ndipo nilipokosea.

Mwaka 2021 Mama Furaha aling'olewa magego mawili. Kliniki ilimwambia gharama anaweza kulipa kidogo kidogo bila riba, akatia saini kwenye kompyuta ndogo. Alichotia saini kilikuwa kadi ya mkopo. Bila riba maana yake ilikuwa bila riba kwa miezi 12 ikiwa deni lote litakuwa limeisha. Likibaki hata kidogo, riba ya mwaka mzima inarudi kwa mkupuo. Likabaki kidogo. Likavimba, akashindwa, kadi ikafungwa, deni likauzwa.

Nilipoona jina la kliniki nililiweka kwenye safu ya madeni ya matibabu, pamoja na mengine, nikasema tutalifikia. Kumbe mbele ya ofisi za mikopo na mbele ya FHA, deni la hospitali ukilihamishia kwenye kadi linaacha kuwa la hospitali. Linakuwa deni la kadi. Kinga zote nilizozitaja hapo juu hazilihusu.

Hilo nililigundua Februari 2024. Deni lilikuwa limepanda kutoka 1,930 hadi dola 2,046. Pengine unasema dola mia na kitu si chochote, lakini FHA ina mstari wake: madeni yaliyo kwa wakusanyaji, yasiyo ya matibabu, yakifika jumla ya dola 2,000, mkopeshaji lazima aone yamelipwa, au kuna mpango wa malipo, au ahesabu asilimia tano ya deni kama malipo ya kila mwezi. Kwao hiyo ilikuwa kama dola 102 za kila mwezi, kwa familia ambayo bajeti yake ilikuwa imebana kama viatu vya kuazima. Kama ningelishughulikia Novemba tungekuwa chini ya mstari.

Kulipinga kama tulivyopinga ambulensi nako kusingefaa. Deni lilikuwa lake, na FHA ikiona madeni mabaya yasiyo ya matibabu yanayopingwa yanafika dola 1,000, maombi yanatolewa kwenye mfumo wa kompyuta na kuangaliwa kwa mkono, kwa masharti magumu zaidi. Tukajadiliana na mnunuzi wa deni. Wakataka 1,600, wakashuka hadi 1,100 kwa malipo ya mara moja, kwa maandishi. Mama Furaha alilipa kutoka kwenye marejesho yao ya kodi ya mapato.

Walipokuwa wakisubiri, jamaa mmoja kanisani aliwapeleka kwa "fundi wa kredi" aliyetaka dola 900 kabla hajagusa kitu. Sheria ya Marekani inakataza kampuni za kutengeneza kredi kutoza kabla ya kazi kukamilika. Niliwaambia hivyo, wakaachana naye.

Aombe nani?

Baba Furaha alipendekeza aombe peke yake ili alama ya chini ya mkewe isiwashushe. Wazo zuri katika majimbo mengi. Texas ni jimbo ambalo mali na madeni ya wanandoa huhesabiwa kuwa ya wote wawili, na FHA katika majimbo hayo huyaingiza madeni ya mwenzi asiyeomba kwenye hesabu. Alama yake haingeangaliwa, lakini deni la kadi ya meno lingekuja, na mshahara wake usingekuja. Mshahara wa Baba Furaha peke yake haukutosha. Tukakubaliana waombe pamoja, ikimaanisha kungoja alama ya Mama Furaha ipande.

Matokeo

Juni 2024 alama za katikati zilikuwa 641 na 628. Mkopeshaji mwingine aliwakubali. Walipata nyumba ya dola 228,000, kianzio dola 7,980, na muuzaji akakubali kubeba sehemu ya gharama za kufunga mauzo.

Wiki mbili kabla ya kusaini, mkopeshaji alivuta ripoti tena, kama wanavyofanya wote, na ambulensi ikawa imerudi. Kampuni ya kwanza ilikuwa imeliuza deni lile kwa nyingine, nayo ikaliorodhesha upya kwenye ofisi moja. Baba Furaha alinipigia saa kumi na moja alfajiri, anatoka zamu, sauti imekauka. Barua ya kufutwa tulikuwa nayo. Afisa mikopo aliitumia kuomba marekebisho ya haraka, jambo ambalo mkopeshaji anaweza kuliomba na mteja hawezi, na ndani ya siku chache ofisi ikasahihisha. Kusaini kulichelewa siku tisa. Walihamia Agosti, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa.

Januari 2025 Mama Furaha alipokea fomu 1099-C: sehemu ya deni la kadi aliyosamehewa, dola 946, inaweza kuhesabiwa kuwa kipato kwa ajili ya kodi. Sikuwa nimewaonya. Mtu ambaye wakati wa kusamehewa madeni yake yalizidi mali yake anaweza kuomba asitozwe; wao hawakuwa katika hali hiyo, wakalipa.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kati ya dola 9,795 zilizokuwa kwenye orodha mwanzoni, ukiiacha ile 412, walilipa 400 kabla ya kuja kwangu na 1,668 baadaye. Kilichopunguza namba hiyo ni mpangilio wa maswali kuliko ujanja wowote wa kujadiliana. Deni la ambulensi na la uzazi hayakuwa yao kuyalipa, na kama Baba Furaha angeendelea na dola 200 zake za kila mwezi, angefika huko mwaka wa pili au wa tatu akiwa amelipa ya watu wengine. Ameniambia kwamba kwenye simu ile ya kwanza hakuna aliyemwuliza kama deni ni lake, wala yeye hakuuliza.

Simu ya mtoto ilikuwa kosa la aina mbili. Binti wa miaka 14 hajui tofauti ya kukiri deni na kuuliza habari zake, na katika baadhi ya majimbo malipo madogo tu yanaweza kuufufua muda wa kushtaki uliokwisha. Muda wa miaka saba wa ripoti haufufuki kwa kulipa, lakini wa mahakama unaweza. Jingine ni la nyumbani: binti alijiona ndiye aliyeipeleka akaunti hasi, na mama yake anasema kwa miezi hakutaka kugusa simu yenye namba asiyoijua.

Kupinga kwa barua kulifanya kazi kuliko kubonyeza vitufe mtandaoni. Mtandaoni unachagua sababu kwenye orodha. Kwenye barua unaweka karatasi ya mahudhurio. Ningebadilisha jambo moja: ningetuma kwa kampuni ya kukusanya na kwa ofisi zote tatu siku moja, badala ya kusubiri ofisi moja itukatae.

Kosa langu la kadi ya meno liliwagharimu miezi mitatu na nguvu ya kujadiliana. Tangu wakati huo, swali ninaloanza nalo kwa kila deni la matibabu ni nani anayedai: hospitali, mkusanyaji au benki.

Kwa wanaouliza kuhusu 2025

Januari 2025 CFPB ilitoa kanuni ya kuyaondoa madeni yote ya matibabu kwenye ripoti za mikopo. Ujumbe ulizunguka kwenye simu zetu kwamba bili za hospitali zimefutwa. Julai mwaka huohuo mahakama ya shirikisho hapahapa Texas iliibatilisha kanuni hiyo kabla haijaanza kutumika. Baadhi ya majimbo, kama Colorado, New York, Illinois na Minnesota, yana sheria zao zinazozuia madeni hayo yasiorodheshwe. Texas haina katazo pana la namna hiyo. Aliye hapa bado anafuata njia waliyopita hawa.

Ile bili ya madaktari, dola 412, hatukuigusa wakati wote huo. Haikuwa kwenye ripoti, muda wake wa kushtakiwa ulikuwa umepita, na mkopeshaji hakuijua. Oktoba 2024 Baba Furaha aliomba mkalimani kwa simu, akauliza mwenyewe maswali matatu ya nyuma ya kalenda, akaridhika kwamba ni yake, akalipa yote. Sikumzuia. Stakabadhi ameibandika kwenye friji.